Noradrenalini ni nini, na inahusianaje na kumbukumbu?

Muulize mzee aliyekuwa Kampala mwezi wa Aprili 1979, Idi Amin alipong'olewa. Atakwambia alijificha wapi, na nani, na mizinga ilisikika kutoka upande gani. Muulize alikula nini wiki mbili kabla ya hapo, hana habari. Ubongo ni uleule. Siku ile ya hofu ilipokewa na noradrenalini nyingi, hii nyingine ikapita kimyakimya.

Noradrenalini ni kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana taarifa. Hutengenezwa kutokana na dopamini, kemikali nyingine ya aina hiyohiyo. Ulf von Euler wa Sweden aliitambua mwaka 1946, na mwaka 1970 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwilini hukaza mishipa ya damu na kupandisha presha.

Ndani ya ubongo, sehemu kubwa yake hutoka mahali padogo mno kwenye shina la ubongo, panapoitwa lokasi seruliasi, yaani mahali pa buluu. Hapo pana seli kama 50,000 tu, ilhali ubongo mzima una takriban bilioni 86. Lakini matawi ya seli hizo chache hufika karibu kila pembe. Boda boda ikikukosakosa pale Wandegeya, zinaamka kwa pamoja. Noradrenalini humwagika kwenye amigdala, inayoshughulika na hofu, nayo huisukuma hipokampasi, inayotunza kumbukumbu mpya, ilishike tukio hilo lisipotee.

Mwaka 1994 huko Marekani, Larry Cahill na James McGaugh na wenzao waliwasimulia watu kisa cha mtoto aliyegongwa na gari. Baadhi walikuwa wamemeza propranolol, dawa inayozuia kazi ya noradrenalini, ambayo hata kwetu wengi huijua kama dawa ya presha. Wiki moja baadaye, ambao hawakuimeza waliikumbuka ile sehemu ya ajali kuliko sehemu nyingine za kisa. Walioimeza hawakuwa na tofauti hiyo. (Kama umeandikiwa dawa hiyo, usiiache ghafla kwa sababu ya maelezo haya, kuikatiza ni hatari kwa moyo.)

Sasa linalonisikitisha. Mwaka 2011 Heiko Braak na wenzake wa Ujerumani walionyesha kuwa protini ya tau iliyoharibika, ile inayohusika na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, huweza kuonekana hapo kwenye buluu hata kwa watu wasiofika miaka 30. Si kwamba wote hao wataugua. Ila anayeugua hupoteza seli nyingi za mahali hapo, na mwenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, vilevile. Hasara ni mbili, kwa kuwa noradrenalini pia hutuliza seli za ulinzi za ubongo zisichachamae na kuumiza seli nzuri.

Mahali hapo pa buluu huhusika pia na usingizi na wasiwasi. Huenda ndiyo maana usingizi mbovu na wasiwasi usio na sababu huweza kutangulia usahaulifu kwa miaka. Nyumbani tunasema "uzee huo", na wengine husema karogwa. Mimi naomba mzee wa namna hiyo apelekwe kwa daktari mapema, kwani mengine yanayoleta usahaulifu, kama tezi ya shingo kufanya kazi kidogo au upungufu wa vitamini B12, yanatibika.

Alzheimer yenyewe haijapata dawa ya kuiponya. Watafiti wa Marekani waliwapa watu 39 wenye dalili za mwanzo atomoxetine, dawa inayoongeza noradrenalini, kwa miezi 6. Tau ilipungua kwenye maji ya uti wa mgongo, lakini kumbukumbu zao hazikuboreka.