PIN ya laini ni nini?

Muulize abiria yeyote pale stendi ya Odeon, Nairobi, kama simu yake ina ulinzi, naye atakuonyesha jinsi anavyoifungua kwa kidole. Huo ni ulinzi wa skrini. Laini iliyo ndani ina kufuli lake, na wengi wetu hatujawahi kulifunga.

PIN ya laini ni nambari ya siri ya tarakimu 4 hadi 8 inayokaa ndani ya kadi yenyewe. Ukishaiwasha, kila simu inapozimwa na kuwashwa tena, au kadi inapohamishiwa simu nyingine, laini haishiki mtandao mpaka nambari hiyo iandikwe. PIN ya M-Pesa ni tofauti kabisa: ile hulinda pesa tu.

Shangazi yangu alinyakuliwa simu akiwa dirishani mwa matatu, kwenye msongamano wa Globe. Skrini ilikuwa imefungwa, kwa hiyo tulijipa moyo. Lakini mwizi hakuwa na haja ya skrini. Alichomoa kadi, akaitia kwenye simu nyingine, na tangu hapo namba ya shangazi ikawa yake. WhatsApp ukitaka kuihamisha hukutumia msimbo wa tarakimu 6 kwa SMS, na SMS ilimfikia yeye. Meseji za zamani hakuziona, ila alibaki ndani ya kikundi cha chama, akaanza kuomba pesa za "dharura ya hospitali" kwa jina la mama ambaye wanachama wanamheshimu. Wawili walituma. Tulikesha tukiwapigia wengine mmoja mmoja. Barua pepe nazo ziko hatarini vilevile: mtu akibonyeza "umesahau nywila", mara nyingi msimbo huja kwenye namba hiyohiyo.

Nalisema hili kwa uchungu: tuache kuweka kitambulisho ndani ya kava ya simu. Mwizi akiwa na laini pamoja na jina lako kamili, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, amebeba majibu ya maswali mengi ambayo wahudumu huuliza wanapotaka kuhakikisha kuwa ni wewe.

Kadi yenye PIN humgomea. Akikosea mara 3, inajifunga na kudai PUK, nambari ya tarakimu 8 ya kuifungulia. PUK nayo ikikosewa mara 10, kadi imekufa na haifufuki. Wewe namba yako hujaipoteza: unaenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni yako ya simu, unapewa kadi mpya yenye namba ileile.

Sheria hiyohiyo inakubana wewe mwenye laini, kwa hiyo usikisie. Unapoiwasha mara ya kwanza, simu itakuuliza PIN ya awali, na mara nyingi imeandikwa pamoja na PUK kwenye ile plastiki kubwa uliyobandua kadi siku ya kununua. Kama uliitupa, iulize kampuni kwanza. Kisha weka yako mwenyewe, isiwe mwaka wa kuzaliwa. Simu za Android hazifanani, lakini ukifungua Mipangilio na kutafuta neno SIM utapafika. Kwenye iPhone iko kwenye sehemu ya mtandao wa simu.

Kuna wizi ambao PIN hii haiuzuii. Katika kuswapi laini, tapeli haigusi kadi yako. Anatafuta njia ya kutolewa kadi mpya yenye namba yako, na papo hapo ya kwako inazimika. Mtandao ukipotea ghafla mahali unaposhika kila siku, azima simu ya jirani uwapigie kampuni mara moja. Walio na Safaricom wanaweza kupiga *100*100# ili laini isibadilishwe kwa mawakala.

Pia, simu ikiibwa ikiwa imewashwa, PIN ulishaiandika asubuhi na laini iko wazi humo ndani. Mwizi asiyechomoa kadi anaweza kusoma misimbo inapojitokeza juu ya skrini iliyofungwa. Ficha maandishi ya arifa kwenye skrini hiyo, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp, unaodai PIN nyingine ya tarakimu 6 juu ya ule msimbo wa SMS. Huo peke yake ungewaokoa wale wanachama wawili.

Laini ya shangazi sasa ina PIN, tuliiweka pamoja mezani kwake. Ile plastiki yenye PUK iko nyumbani, kwenye bahasha ya hati ya shamba. Haitembei naye mjini.