Je, makoti mekundu yalikuwa ya kuficha damu?

Wengi wanaopaka rangi vijisanamu vya mchezo wa vita wa mezani, vya askari wa Uingereza wa pigano la Waterloo, 1815, huamini koti jekundu lilichaguliwa ili kuficha damu. Inaingia akilini, ila askari haohao walivaa mikanda myeupe kifuani! Jeshi la Bunge la Uingereza, lililopigana na mfalme, lilivaa nyekundu tangu 1645, hasa kwa sababu rangi ya mizizi ya mmea ilikuwa nafuu. Maofisa ndio waliopata nyekundu kali itokanayo na wadudu.

Jipimie mwenyewe: dondoshea maji kitambaa chekundu cha sufu. Doa litaonekana, tena damu ikikauka hugeuka kahawia iliyokolea. Kisha tazama makoti halisi yaliyohifadhiwa makumbusho. Kwenye meza ya mchezo, basi, askari wa kawaida mpake nyekundu ya tofali, na ofisa nyekundu inayowaka.