Meya akipewa dakika tano: asubuhi mazingira, jioni tamaduni

Kazi yangu ni kuwaandikia hotuba viongozi wa miji. Wengi hudhani maana yake ni hotuba za bajeti na za kuapishwa, lakini hizo huja mara chache. Kinachojaza meza yangu ni salamu: dakika tano kwenye siku ya usafi, dakika tatu kwenye tamasha la jamii mbalimbali, meya akiwa amebanwa kati ya kikundi cha ngoma na ugawaji wa vyeti. Ni maneno machache, na kwa sababu ni machache huandikwa kwa kulipua.

Salamu za mazingira huanza na "dunia yetu ni moja." Za tamaduni huanza na "utofauti wetu ndio nguvu yetu." Zibebe zote mbili uzipeleke mji mwingine wowote, ubadilishe jina la mji tu, na hakuna msikilizaji atakayegundua. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza: sentensi ambayo meya yeyote angeweza kuisema, naifuta.

Kipimo cha pili, kwamba salamu za mazingira na za tamaduni zijuane, ni kigumu zaidi, na ndicho kilichonifanya niandike haya. Shughuli hizi mbili huangukia dawati tofauti za ofisi ileile. Idara ya mazingira huandaa moja, maendeleo ya jamii huandaa nyingine, na meya hukabidhiwa karatasi mbili zisizojuana. Asubuhi anazungumzia joto, miti na taka mbele ya wataalamu na wanaharakati. Jioni anazungumzia mavazi, vyakula na ngoma mbele ya wahamiaji na wazee wa jamii. Lakini wanaoishi kwenye mitaa yenye joto kali zaidi, isiyo na miti, mara nyingi ndio haohao wa jioni.

Huu si uvumi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliangalia miji 108 na kulinganisha joto la ardhi kwenye mitaa ambayo miaka ya 1930 ilitiwa alama nyekundu, yaani ya hatari kukopeshwa, kwenye ramani za mikopo ya nyumba, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya asili ya wakazi wake. Katika asilimia 94 ya miji hiyo, mitaa ile ilikuwa na joto zaidi kuliko mingine. Kwa wastani wa nchi nzima tofauti ilikuwa kama nyuzi 2.6 za Selsiasi. Meya anayesimama kwenye tamasha la tamaduni bila kugusa kivuli, maji na basi ameacha mezani jambo linalowahusu wasikilizaji wake moja kwa moja.

Na mambo huenda upande wa pili pia. Julai 1995 joto la siku chache liliua watu zaidi ya 700 Chicago, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Meya wa wakati huo, Richard M. Daley, alitilia shaka hadharani hesabu ya vifo iliyotolewa na daktari mkuu wa kuchunguza vifo, na maneno yale yamemfuata hadi leo. Lakini mimi hurudi zaidi kwenye mitaa miwili jirani ya mji huo, North Lawndale na South Lawndale. Yote ilikuwa na wazee wengi maskini wanaoishi peke yao. Hata hivyo kiwango cha vifo North Lawndale kilikuwa karibu mara kumi ya kile cha South Lawndale. South Lawndale, yenye wakazi wengi wa asili ya Amerika ya Kilatini, hasa Meksiko, ilikuwa na barabara zenye maduka, watu wanaopita, mzee anayejulikana na asipoonekana anaulizwa. North Lawndale ilikuwa imehamwa, viwanja vitupu, watu wakiogopa kufungua mlango. Joto liliporudi mwaka 1999, jiji liliwapigia wazee simu na kutuma watu kuwabishia hodi, na vifo vikawa vichache sana kuliko mara ya kwanza.

Kwa hiyo kwenye kongamano la mazingira huwa ninamwandikia meya sentensi kuhusu vikundi vya jamii, misikiti, makanisa, mahekalu na vyama vya wahamiaji, kwamba ndivyo vinavyojua mlango gani ubishwe. Wataalamu wa mazingira hushtuka kidogo, wakitarajia kusikia habari za paneli za jua. Vizuri, washtuke.

Kisha kuna suala la mamlaka. Meya wengi hawana uwezo juu ya sheria za uhamiaji wala juu ya mitambo ya umeme ya taifa, na wananchi wanalijua hilo kuliko tunavyofikiri. Mikononi mwao mara nyingi mna taka, mitaro, miti ya barabarani, vibali vya ujenzi, maktaba, na pengine mabasi. Hapo ndipo salamu zipate nyama. Curitiba, Brazili, ilianza mwaka 1991 mpango wa kuwapa wakazi mboga na matunda wakileta taka zinazoweza kurejelezwa. Meya wa mji ule aliposimama kuzungumzia mazingira, alikuwa na kitu ambacho msikilizaji alikuwa amekibeba mkononi wiki ile. Huko Freetown, Sierra Leone, meya Yvonne Aki-Sawyerr alitangaza mwaka 2020 lengo la miti milioni moja, miaka mitatu baada ya maporomoko ya udongo yaliyoua watu zaidi ya elfu moja. Idadi ile inavutia, ila kinachonifurahisha ni kwamba wakazi hulipwa kuutembelea mche na kuupiga picha ili ijulikane kama bado uko hai. Kupanda ni shughuli ya kamera, na meya wote wanaipenda. Kumwagilia hakuna anayekualika uje kuhutubia.

Tarehe nazo zina uzito wake. Tarehe 5 Juni, siku ya mazingira duniani, haina shida. Tarehe 21 Mei, siku ya Umoja wa Mataifa ya utofauti wa tamaduni, inaruhusu sherehe. Lakini 21 Machi, siku ya kupinga ubaguzi wa rangi, ipo kwa sababu mwaka 1960 polisi walifyatulia risasi waandamanaji Sharpeville, Afrika Kusini, wakaua watu 69. Miji mingine huiadhimisha siku hiyo kwa vyakula na ngoma pekee. Sioni ubaya wa chakula, lakini meya aitaje Sharpeville, sentensi moja inatosha, kisha aseme mkazi aliyebaguliwa kwenye huduma ya jiji apeleke wapi malalamiko yake. Kama hakuna pa kuyapeleka, ni heri tujue kabla ya kupanda jukwaani.

Kuhusu kusalimia kwa lugha kumi: sipendekezi. Ukitaja kumi, wa kumi na moja amekaa mstari wa mbele. Kinachofaa zaidi ni kutangaza kwamba maelekezo ya kutenganisha taka yametafsiriwa kwa lugha gani na yanapatikana wapi. Majina ya watu nayaandika jinsi yanavyotamkwa, na namwomba mwenyewe au jamaa yake ayasikilize kabla.

Rasimu ikiisha, haiendi kwa meya kwanza. Naipeleka kwa wakuu wa idara zinazotajwa ndani, na kila kitenzi cha wakati ujao nakipigia mstari: "tutaweka," "tutafungua," "tutapanda." Mkuu wa idara aandike pembeni fedha zinatoka fungu gani na lini. Asipoweza, kitenzi kinatoka, hata kama meya amekipenda. Nakala ya mwisho hupelekwa pia kwa wanaopokea simu za wananchi, kwa sababu kesho yake asubuhi wao ndio wataulizwa.