"Hang on" si "hang up": vile vineno vidogo vya Kingereza vinavyotusumbua hapa Goma

Mwaka jana mdogo wangu alipigiwa simu. Alikuwa ameomba kazi kwenye shirika moja hapa mjini, tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba kule Majengo, akaweka sauti kubwa ili na sisi tusikie. Mama wa upande wa pili akauliza jina, akauliza kama bado anaitaka kazi, kisha akasema "hang on". Mdogo wangu akajibu "okay, thank you madam" na akakata. Juu kichwani mwake kulikuwa "hang up", ile aliyosoma kwamba ni kukata simu, kumbe yule mama alikuwa anamwambia tu asubiri kidogo. Hawakupiga tena. Alibaki na ile simu mkononi mpaka giza likaingia, na mimi tangu siku ile sijaacha kufatilia haya mambo, juu kilichomtoa pale ni neno la herufi mbili.

Waingereza wanaviita "phrasal verbs", mimi nitasema tu vitenzi vya vipande viwili. Unachukua kitenzi cha kila siku kama give, look, put, nyuma yake unapachika kaneno kadogo, up, off, after, na hivyo vipande vikikaa pamoja vinazaa maana mpya ambayo mara nyingi huwezi kuikisia kwa kutazama kila kimoja peke yake. Give ni kutoa, up ni juu, lakini give up ni kukata tamaa ama kuacha kitu. Look ni kutazama, look for ni kutafuta, look after ni kutunza, look down on ni kudharau. Na moto, yaani pikipiki, ikikuzimikia njiani kwenda Sake useme it broke down, ukisema it broke tu mtu anaweza kufikiri imevunjika vipande.

Usione kwamba ni uchawi wa wazungu, na sisi tuko nayo. Tazama piga: piga simu, piga pasi, piga picha, piga magoti, hakuna hata moja ambamo mtu anachapwa, na mgeni anayejifunza Kiswahili na kamusi mkononi anaumia pale pale. Ila sisi mara nyingi tunageuza tumbo la kitenzi chenyewe, funga inakuwa fungua, vaa inakuwa vua, lakini Kingereza kinaacha kitenzi vile kilivyo na kubadilisha kaneno ka nje. Turn on ni washa, turn off ni zima, turn up ni ongeza sauti, turn down ni punguza sauti na pia ni kukatalia mtu ombi lake.

Sasa sisi wa Kongo tuko na shida yetu ya pekee, nayo ni Kifaransa. Tumesoma kwa Kifaransa, na Kingereza kimejaa maneno yenye asili ya Kifaransa tangu Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa na raia wa kawaida wakabaki na chao. Njo maana mpaka leo Kingereza kina maneno mawili mawili kwa jambo moja. Sisi tunakimbilia lile linalofanana na la shule: continue, tolerate, abandon, descend. Si makosa, lakini yana harufu ya ofisi, na mtu akiongea nawe barabarani anasema go on, put up with, give up, get off. Kwa hiyo unakuta kijana anasoma ripoti ya kurasa 20 na anaielewa, halafu dereva anamwambia "get off here" na anabaki amekaa ndani ya gari. Na support ni mtego mkubwa zaidi, juu kwa Kifaransa supporter inaweza kuwa kuvumilia, lakini ukisema "I can't support him" Mwingereza anasikia kwamba hauwezi kumsaidia ama kumuunga mkono.

Kitu kingine ni mahali pa kuweka "it". Unaweza kusema turn off the light ama turn the light off, yote sawa, lakini ukiweka it lazima ikae katikati, turn it off, haisemwi turn off it. Mimi nilishika hiyo siku nilipowaza "nimeizima", ile i yetu nayo inakaa katikati ya kitenzi, haiendi mwisho. Lakini si vyote vinafunguka hivyo, look after haifunguki, unasema look after her basi. Na sikio liwe chonjo, juu Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na katika turn it off mkazo uko kwa off, kale ka mwisho kabisa ambako sikio letu linakaacha kapite.

Vineno vingine viko na tabia, ukiijua unapunguza kukariri. Up mara nyingi ni kumaliza kabisa: eat up, use up, fill up, hii ya mwisho njo unasema ukitaka tanki ijae pomoni. Off mara nyingi ni kuachana na kitu ama kuondoka, take off your shoes, set off. Haifanyi kazi kila wakati, lakini inasaidia.

Mdogo wangu alinunua kaye, yaani daftari, na kila kitenzi anakiandika ndani ya sentensi ya maisha yake, haandiki orodha tena. Kwenye ukurasa wa kwanza, juu kabisa, ameandika: "Hang on, madam, I'm looking for a pen."