Kupata nafuu kwa dawa za TB hakuthibitishi kwamba ni TB

Wiki hii nimeambiwa tena: "Alipoanza dawa za TB alipata nafuu, kwa hiyo ni TB ya ubongo, ila imekuwa sugu." Hapana. Mlimpa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi!

Steroidi hupunguza kuvimba kwa ubongo bila kuuliza kumesababishwa na nini. Kichwa kinatulia, kutapika kunakoma, familia inapumua. Dozi ikipunguzwa, dalili zinarudi, na faili linaandikwa "TB sugu" ilhali bakteria hajawahi kuonekana hata siku moja. Kabla ya kuandika hivyo, soma tarehe: nafuu ilifuata dawa ipi, na kurudi nyuma kulifuata kupunguzwa kwa ipi?

Ugonjwa ninaoufikiria mimi ni uvimbe (tyuma) wa seli za glia, yaani seli saidizi za ubongo, na niuroni, yaani seli za neva, unaotandaa kwenye utando wa ubongo na uti wa mgongo, hasa kwa watoto. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye uainishaji wake mwaka 2016. Mara nyingi hauna donge la kuonyesha kwa kidole. Picha ya MRI inaonyesha utando uliong'aa na maji yaliyojaa kichwani. Maji ya mgongo yana protini nyingi. TB nayo hufanya hayo yote. Kinachonishtua ni vijifuko vidogo vilivyotapakaa juu ya serebela (ubongo mdogo wa nyuma), shina la ubongo na uti wa mgongo. Lakini utaviona vipi vya mgongoni ikiwa umepiga picha ya kichwa peke yake?

Halafu kuna hili la "maji hayakuonyesha saratani". Seli za uvimbe huu zimeng'ang'ania utando, kwa hiyo mara nyingi majini hazipatikani. Jibu liko kwenye biopsi, yaani kipande cha utando cha kupimwa maabara, ichukuliwe pale utando unapong'aa. Maabara ikiweza, itafute muunganiko wa jeni KIAA1549 na BRAF, na kupotea kwa mkono mfupi wa kromosomu 1.

Dawa za TB hata mimi naanzisha, maana TB ya ubongo inaua haraka na kipimo cha TB cha GeneXpert kikiwa hasi hakiifuti. Kinachoninyima usingizi ni lini niache kungoja. TB ya kweli nayo huweza kuzidi katikati ya matibabu sahihi, na kumfungua mtoto fuvu ukakuta granuloma, yaani kinundu cha TB, si jambo dogo. Nimewahi kungoja kupita kiasi. Sasa, mgonjwa asiye na bakteria aliyethibitishwa akirudi nyuma kila steroidi inaposhuka, namwita daktari wa upasuaji wa ubongo siku hiyohiyo.