Hai-fai ya zamani maana yake nini hasa

Ukimwambia mtu una hai-fai ya mwaka 1975 swali la kwanza anakuuliza ina wati ngapi. Swali sio baya, ila linaonyesha neno lenyewe limeshapotea maana, kwaiyo nianze hapohapo kwenye neno. Na naliandika kwa kistari, hai-fai, maana ukiliunganisha linasomeka haifai na hapo umeshasema kitu kingine kabisa.

Hai-fai ni kifupi cha maneno mawili ya Kiingereza, high fidelity, yenye maana ya uaminifu wa hali ya juu. Uaminifu kwa nani? Kwa sauti ilivyorekodiwa. Yaani kama mpiga solo alisikika kushoto na mpiga besi katikati, kama mwimbaji alivuta pumzi kabla ya ubeti, chombo kikuletee hivohivo, kisiongeze chumvi na kisipunguze. Harold Hartley, mhandisi wa Uingereza, alieleza kwamba yeye ndiye aliyeanza kulitumia neno hilo mwaka 1927, na ukifikiria miaka ile utaona lilikuwa neno la kutamani zaidi kuliko la kuelezea kitu kilichopo. Siti binti Saad alipoenda Bombay kurekodi mwaka 1928, santuri zilikuwa zile za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja dakika tatu na kitu, na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono ilikuwa inakandamiza sindano kwa uzito wa zaidi ya gramu 100, kila ukipiga santuri unaitafuna kidogo. Deki nzuri ya hai-fai, yaani mashine ya kupigia santuri, inagusa santuri kwa gramu 1 hadi 3 tu, sasa pima mwenyewe tofauti.

Uaminifu ulianza kufikika baada ya vita. Mwaka 1948 Columbia wa Marekani walitoa santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi, ikaondoka ile mikwaruzo mingi, kisha kufikia 1958 santuri za stereo zikaanza kuuzwa madukani, na hapo ndio mtu wa kawaida akaanza kununua vyombo vipande vipande: deki ya santuri peke yake, ampli (ile ya kukuza sauti) peke yake, spika mbili, redio peke yake. Wengine walipenda ampli na redio ziwe kwenye boksi moja, hiyo inaitwa risiva, na wapenzi wengi wa hai-fai ya zamani wameanzia kwenye risiva.

Sasa turudi kwenye wati. Ukienda dukani leo utakuta boksi la sabufa limeandikwa PMPO, yaani eti nguvu ya kilele, wati 5000, wati 10000, na spika zenyewe unazibeba kwa mkono mmoja. Ile namba haina kipimo kinachokubalika popote, kila mtengenezaji anaandika anavyotaka. Tatizo kama hilo Marekani walikuwa nalo pia, kila kampuni inatangaza wati za ajabu, mpaka mwaka 1974 serikali yao ikaweka sheria kwamba ukitangaza wati uonyeshe zile ambazo ampli inaweza kutoa mfululizo, chaneli zote zikiwa zinafanya kazi, na useme sauti inaharibika kwa asilimia ngapi. Matokeo yake yalikuwa mazuri sana kwetu sisi tunaopenda vitu hivi, maana kampuni za Japani zikaanza kushindana kwa wati za kweli, na wati za kweli zinataka transfoma kubwa, kapasita kubwa na chuma kingi cha kupoza. Pioneer SX-1980 ya mwaka 1978 ilitoa wati 270 kila upande na ilikuwa na uzito wa kilo 35 hivi, yaani zaidi ya nusu ya mfuko wa sembe wa kilo 50. Hizo ni za ukweli. Kwa chumba cha kawaida wala huzihitaji, wati 20 za ukweli kwenye spika nzuri zinakutosha kabisa na majirani watajua upo.

Kwaiyo mtu akisema vinteji, yaani vya zamani, kwenye mambo ya mziki kwa kawaida anamaanisha vyombo vya kuanzia miaka ya 1950 mpaka kwenye 1980 na kitu. Za mwanzo ni za valvu, zile taa za kioo zinazopata moto, Waingereza walikuwa mabingwa hapo, na deki yao ya santuri Garrard 301 ya miaka ya 1950 bado watu wanaigombania mpaka leo. Za miaka ya 1970 ni za transista, vipande vidogo vilivyochukua nafasi ya valvu, na hapo ndio utawala wa Japani: Sansui, Marantz (jina la Kimarekani ila nyingi zilitengenezwa Japani), Kenwood, Yamaha, Technics. Deki ya Technics SL-1200 ilitoka mwaka 1972, wakaacha kuitengeneza 2010, watu wakalia weee, 2016 ikarudi. CD ilipoingia sokoni Japani mwaka 1982 watu wakaanza kuhama, vyombo vikawa vyepesi, plastiki nyingi, na zile sura za alumini zenye vifundo vizito ukizungusha unasikia kabisa chombo kinakujibu mkononi zikaanza kupotea.

Je zinalia vizuri kuliko za sasa? Hapa nitasema ukweli hata kama wenzangu watanuna. Kwa kipimo, ampli mpya nzuri inaharibu sauti kidogo kuliko ya 1975, na CD ina utulivu mkubwa kuliko santuri, nafasi kati ya sauti ndogo na kubwa kwenye CD ni desibeli 96 hivi na santuri inaishia kama 70. Uzuri wa hizi za zamani ni kwamba zilishafika kiwango ambacho sikio linaridhika, na zinafunguka. Unatoa skrubu nne unaona kila kitu, kila kipande fundi anaweza kukishika na kukibadilisha, michoro yake ipo. Spika ya bluetooth ikifa imekufa, ampli ya miaka 50 ikiugua inatibika.

Na zinaugua, usidanganywe na picha. Kapasita zinakauka, sponji ya ukingo wa spika inaoza inabaki unga unga, mkanda wa deki unalegea au unayeyuka, volyumu inakwaruza ukiigusa (hilo ni dogo, dawa ya kupuliza ya kusafishia inamaliza). Ila kwa sisi wa huku ugonjwa mkubwa ni umeme. Vyombo vingi vinavyokuja kutoka Japani ni vya volti 100, umeme wetu Tanzania ni 230 na Kenya 240. Mimi ampli yangu ya kwanza niliichomeka ukutani bila kusoma mgongoni, sekunde mbili, moshi, harufu ile sijaisahau mpaka leo, transfoma ikaenda. Soma mgongoni kwanza ndugu yangu. Kama ni 100 tafuta transfoma ya kushusha, na kama ni deki ya santuri ya kizamani ambayo mota yake inafuata mapigo ya umeme angalia na hezi (idadi ya mapigo hayo kwa sekunde), maana iliyotengenezwa kwa 60 ukiiweka kwenye 50 zetu inazunguka taratibu na mwimbaji anakuwa kama amelewa.

Kwa nini mtu ahangaike yote haya wakati nyimbo zipo kwenye simu? Mimi sababu yangu ni mziki wa dansi. Nyimbo za bendi zetu zilikuwa ndefu haziingii upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45, kwaiyo walikuwa wanazikata, mashairi upande wa kwanza, chemko (pale magitaa yanapochanganya) upande wa pili. Na nyingi ninazozikuta mtandaoni zimenakiliwa kutoka santuri iliyochakaa, zimebanwa, na zingine zimewekwa upande mmoja tu, mwimbaji anamaliza kulalamika ndio wimbo unakatika hapo hapo. Siku niliyoipata santuri yenyewe nikaisafisha, nikasikiliza mashairi niliyoyajua tangu mtoto, nikainuka nikaigeuza, magitaa matatu yakaingia moja baada ya jingine, moja kushoto, moja kulia, la tatu nyuma kabisa linacheka, na mimi nilikuwa sijawahi kujua kama kuna gitaa la tatu.