Mlango wa kabati wa kuzama: bawaba ipi inafunguka mpaka mwisho?

Kuna kabati moja nilifunga Njiro, Arusha, mwaka juzi bado linaniuma. Milango ya mninga, imezama ndani ya fremu, uso wa mlango na uso wa fremu viko sawa kabisa, yaani ukipitisha kiganja husikii kitu, nikapiga picha nikaweka status nikajiona fundi. Kesho yake asubuhi mama mwenye nyumba akanipigia, "Fundi, hizi droo zinatokaje?" Nikarudi. Kweli bana, mlango unafunguka digrii 90 na kidogo unagoma, na droo ya ndani ukiivuta inakwaruza mgongo wa mlango. Mninga wa watu!

Kosa lilikuwa langu, bawaba haina hatia. Nilitumia zile za kikombe, unatoboa duara la mm 35 nyuma ya mlango na kwa nje hakionekani kitu. Sasa hizi zina mikono ya aina tatu, ziweke mezani uone: mkono ulionyooka ni wa mlango unaofunika ubavu wote wa kabati, uliopinda kidogo ni wa milango miwili inayogawana ubavu mmoja, na uliopinda sana, shingo kama ya bata, ndio wa mlango wa kuzama. Ukienda hadwea ukasema tu "nipe bawaba za kabati" mimi nimeshapewa za mkono ulionyooka mara kibao, ukifunga hizo mlango unalalia fremu, hauzami ng'o, afu unaanza kumlaumu aliyekata mbao.

Hiyo ya shingo ya bata ya kawaida ukiipata ujue inafungua kama digrii 95 mpaka 110 basi. Kwa kabati la sahani na vikombe inatosha sana, sioni haja ya kuhangaika. Shida ni droo za ndani, manake mlango ukisimama hapo unakuwa bado umekula nafasi ya mbele ya droo.

Ukitaka digrii 180, mlango ulale kabisa pembeni, rudi kwa bawaba ya kizamani ya majani mawili na pini katikati. Na hapa ndo mafundi wengi tunaharibu, tunaizamisha yote na pini yake ili ipendeze. Mlango unazunguka kwenye pini, kwa hiyo pini ikikaa nyuma ya uso wa mlango kona inagonga fremu njiani, mteja akilazimisha skrubu zinang'oka. Katikati ya pini itoke nje ya uso. Hesabu yake rahisi: pini ikitoka mm 5, mlango ukishalala unakaa mm 10 mbali na fremu, yaani mara mbili. Fremu ikiwa na urembo wa mm 8 unapita. Mlango wa jirani ukiwa na mshikio wa mm 30 haupiti, hapo tafuta bawaba yenye majani mapana yanayosukuma pini mbali zaidi, au hamisha mshikio. Ila hata hii mlango ukiishia digrii 90 bado unakula unene wake wote na kile pini ilichotoka, mbao ya mm 18 na pini ya mm 5 ni mm 23, mwambie mteja asukume mpaka mwisho ndio avute droo.

Nafasi kuzunguka mlango mimi napimia kadi za benki zilizoisha muda, tatu kwa pamoja ni kama mm 2.3. Ukifunga mbao halisi mwezi wa pili jua kali ongeza kadi ya nne, manake masika ya Machi mpaka Mei mbao inavimba na mlango wa kuzama hauna pa kukimbilia.

Bawaba za shaba usianze na skrubu zake, ni laini zinakatika kichwa. Toboa kwanza, pitisha skrubu ya chuma ikachonge njia, itoe, afu ya shaba ipake nta ya mshumaa.

Kabati la Njiro niling'oa bawaba zote za kikombe nikafunga za pini, yale matobo ya mm 35 nikayaziba na vipande vya mninga nikavipiga msasa. Milango inalala mpaka mwisho sasa. Viraka ukijua pa kuangalia unaviona, na mama anajua, kila mgeni anaonyeshwa.